Chai ya Meneja

Kila asubuhi Mwenyekiti aliamshwa na kikohozi cha mkewe. Mke alikohoa akiwasha jiko. Alikohoa akitafuta kitambaa cha kufunga puani. Wote wawili walifanya kazi katika kiwanda cha nyuzi, lakini mke alikuwa chumba cha kuchambua pamba, ambako vumbi hutanda mpaka humwoni mwenzako.

"Leo unaingia tena kwa meneja?" mke aliuliza.

"Naingia. Leo lazima anijibu kuhusu feni za kuvuta vumbi."

"Haya. Tuletee ahadi nyingine."

Wafanyakazi wenzake walimchagua Mwenyekiti kuongoza tawi la chama chao cha kutetea haki kazini kwa sababu alijua kusema. Desturi yao ilikuwa kwamba kiongozi anaingia peke yake, wengine wanarudi kazini. Mlango unafungwa. Kila mara meneja alimpa kiti, akammiminia chai. Mwenyekiti alitoka na lile lile: "Wameahidi. Tuvute subira."

Maskini, hakuwahi kupokea chochote ila hiyo chai. Lakini watu wana midomo. "Huyu ametiwa mfukoni," walinong'ona.

Hatimaye alichoka na ahadi. Akawaita wote wazime mashine, akatoka kuwangoja uani. Mashine zikaendelea kunguruma. Hakutoka mtu. Hata mkewe hakutoka.

Jioni alishindwa kula. "Hata wewe, mke wangu?"

"Mlango ulikuwa umefungwa," mke alisema bila kumtazama. "Ningejuaje mlichozungumza?"

Maneno hayo yalimchoma. Alikwenda kwa jirani yao, Mama Katibu, aliyeongoza chama cha wafanyakazi wa bandari mpaka akastaafu.

"Chai imekuponza, mwanangu," mama huyo alisema. "Kiongozi haingii peke yake. Kwanza wanachama wakutane, wakubaliane wanataka nini. Wachague wa kwenda nawe. Mkitoka, waambieni wote siku hiyo hiyo mlichosikia. Na ahadi ya mdomo msiikubali. Iandikwe, itiwe saini."

"Na kama hawaniamini tena?"

"Ni kweli, hawakuamini tena. Anza kwa kuwaomba radhi."

Aliwaomba radhi getini, mbele ya wote. Wapo waliomzomea. Kisha wakachagua wawili wa kuingia naye, mkewe akiwa mmoja wao. Mlango wakauacha wazi. Chai ikapoa mezani. Safari hii wafanyakazi wote walikuwa tayari kuzima mashine, na meneja alijua hawatanii. Akatia saini.

Feni zilifungwa. Sasa chumba kile kina hewa safi, na wasichana walioajiriwa juzi hawajui kufunga kitambaa puani.

Mke wa Mwenyekiti hayumo tena. Daktari alimwambia aache kazi, maana mapafu yalikwisha kuharibika. Siku hizi Mwenyekiti ndiye anayewasha jiko. Asubuhi moja alimpelekea mkewe kikombe cha chai kitandani. Mke alikitazama, akakisogeza kando.

"Nipe maji tu," alisema.