Blanketi la Mzee Paskasi

Mkono wa kuume wa marehemu Mzee Paskasi ulikuwa umening'inia nje ya jeneza, na haukuwa na ngozi.

Inspekta Mikidadi aliutazama mara moja, akageukia migomba. Kaburi lilikuwa limefukuliwa usiku, nyuma ya nyumba ya marehemu huko Nangara, na mzee wa watu alikuwa na wiki moja tu ardhini. Harufu iliingia puani ikagoma kutoka. Ilikuwa Juni 1983, sabuni haikuonekana Babati nzima, na Inspekta alijua kwamba jioni angenawa kwa majivu na bado angelala na uvundo ule mikononi.

"Wamemchuna," alisema Theodori, mtoto mkubwa wa marehemu na muuzaji wa duka la kijiji. "Wamechukua nyama ya baba yangu wakafanyie uchawi. Na mtu mwenyewe tunamjua."

Mtu mwenyewe alikuwa Mzee Aniceti, jirani aliyesimamia uchimbaji wa kaburi lile. Makosa yake yalikuwa mawili: kujua mitishamba ya kikohozi na kuishi peke yake. Polisi walipofika kwake, vijana walikuwa wameshamfungia ndani na walikuwa wanatafuta kiberiti, bidhaa ambayo nayo, kwa bahati ya mzee yule, ilikuwa imeadimika. Inspekta alimtia rumande, nusu kwa kumshuku, nusu kwa kumwokoa. Vijana walimfuata hadi kituoni, wakakaa nje. Walisema wazi kwamba akitoka tu, watamalizana naye.

Mochwari, Daktari Herieli alifanya kazi bila glavu kwa sababu hazikuwepo. Alikuwa mtu wa kufurahia mambo yanayowatapisha wenzake.

"Sogea, Inspekta. Hakuumi."

"Niambie walichokata, nitoke."

"Hawajakata kitu." Daktari aliugeuza mkono ule chini ya taa. "Mwili una tishu za aina nne. Hii nyeupe ni kano, tishu unganishi. Kazi yake ni kushikanisha misuli na mfupa. Ipo. Hii ni misuli, inayovuta mkono ukakunjika. Ipo yote. Huu uzi ni neva, unaopeleka habari kwenye ubongo na kurudi. Mzima kabisa."

"Kwa hiyo kimetoka nini?"

"Epithelia, tishu ya kufunika. Lile tabaka la juu kabisa la ngozi, linalomzuilia mtu vijidudu na kumtunzia maji yake. Mtu akianza kuoza, kinacholigandisha na tabaka la chini huachia. Ukilivuta, linavulika kama soksi."

"Kisu je?"

"Kisu hakichagui tabaka. Mtaka nyama angekata nyama." Kwa koleo ndogo alibandua kitu kwenye ute uliobaki, akakiinua. Zilikuwa nyuzi za sufu, nyekundu. "Kuna kitambaa kilichomnata. Mtu amekivuta kwa nguvu, ngozi ikaenda nacho."

Inspekta alitoka nje kuvuta hewa, kisha akaenda moja kwa moja rumande.

"Mzee, marehemu alifunikwa nini ndani ya jeneza?"

"Blanketi."

"La namna gani?"

"Jekundu, limechakaa," alijibu Aniceti. "Nilishangaa, maana mtoto wake ndiye anayeuza duka la kijiji."

Theodori hakuwa ametaja blanketi lolote. Inspekta alimchukua Koplo Egidius, wakarudi Nangara.

Nyuma ya nyumba ya bati ya Theodori kulikuwa na kibanda cha Hilaria, mke wa mdogo wake aliyekwenda Arusha kutafuta kazi. Hilaria aliwaamkia shikamoo bila kuinua macho. Kitandani mtoto wake, Kandida, alikuwa akikohoa, amevingirishwa blanketi jekundu lenye ubichi. Lilinuka moshi, na chini ya moshi lilinuka ile harufu nyingine. Kwenye sufu kulikuwa na vigamba vyembamba kama ganda la kitunguu. Mtoto alikuwa akinyonya pindo.

Inspekta alilivuta pindo lile kutoka kinywani mwa mtoto.

"Mama Kandida, hili limetoka wapi?"

"Ni la mtoto."

Hakumkemea. Alimweleza tu kwamba Mzee Aniceti amekaa rumande, na kwamba vijana walio nje wanamngoja wamuue.

Hilaria alikaa chini. "Mzee Aniceti hajashika kitu," alisema. "Ni mimi."

Alieleza yote. Alifukua kwa jembe, akavuta, akasikia kitu kinaachia pamoja na blanketi. Alitapika palepale. Alilichemsha kwa majivu mara mbili.

"Hukuogopa?"

"Niliogopa. Lakini mtoto alikuwa anahema kwa mbavu. Shemeji alimvua hili siku ya mazishi. Alisema mzee asipozikwa na blanketi, watu watatusema."

"Muuza duka anakosaje blanketi?"

Hilaria alinyanyua kidevu kuelekea kwenye kihenge cha shemeji yake. "Kamuulize, afande, anaficha nini chini ya mahindi."

Koplo alizamisha mikono kwenye mahindi. Yalitoka mablanketi mapya, bado yamekunjwa kama yalivyotoka kiwandani, mgawo wa kijiji kizima. Theodori aliyakuta yamerundikwa uani.

"Ya nani haya?" Inspekta alimuuliza.

"Ya kijiji."

"Yanafanya nini humu?"

"Nilikuwa nangoja msako wa wahujumu uchumi upite."

"Ukamvua mtoto mgonjwa?"

"Baba angezikwa na jipya, watu wangeliona. Wangeuliza limetoka wapi."

"Na ulipoona kaburi limefukuliwa, uliona kwamba blanketi halipo."

"Niliona."

"Ukasema nyama."

Theodori alifuta jasho. "Mngetafuta mwizi wa blanketi, mngefika kwangu. Anayetafuta mchawi hawezi kufika kwangu."

"Aniceti angechomwa moto."

"Ni mzee, afande," alisema Theodori. "Hana mtu."

Inspekta alichukua blanketi moja jipya, akampa Hilaria amfunike mtoto, akamwambia ajiandae kwenda kituoni kutoa maelezo. Lile jekundu alilitia kwenye gunia kama kielelezo. Kisha akamrushia koplo pingu.

"Mfunge wewe, Egidius," alisema. "Mimi huyu siwezi kumshika."