Maksai wa Mama Niliowaweka Dau

Nina miaka thelathini na nne, naishi Nsemulwa hapa Mpanda, na nyie mnaosoma naomba msinionee huruma. Huruma yenu mbakizieni mama yangu.

Nilikuwa mcheza pool. Siyo wa kubahatisha... tulijiita maprofesheno! Watu wazima wanane, kila mmoja na fimbo yake kwenye mfuko wa zipu na chaki mfukoni, huku mashamba yetu yamejaa magugu. Nani alitupa huo uprofesheno? Tulijipa wenyewe, tukawa tunatembea mjini vifua mbele.

Tulikuwa na desturi yetu. Marafiki hawachezei pesa, tulisema, hiyo ni kazi ya wahuni. Sisi tuliweka vitu. Ukifungwa unaacha viatu, simu, hata koti la harusi. Kesho yake unakuja mbele ya wote, unamwambia aliyekufunga, "Wewe ni mwalimu wangu," naye anakurudishia kitu chako. Mnacheka, mnakunywa soda, yameisha. Rafiki yangu Deo, tuliyesoma naye shule ya msingi, aliwahi kwenda kanisani amevaa koti langu. Niliona ni utani mtamu.

Msimu uliopita mvua za kwanza zilipoanza, mama alinituma. Yeye ni mjane, analima Magamba, na tegemeo lake ni maksai wawili, Bahati na Askari, aliowalea tangu wakiwa ndama. Plau lilikuwa limevunjika. Nikalipakia kwenye mkokoteni, maksai wakalivuta mpaka kwa fundi wa kuchomelea huku Nsemulwa. Mama alisisitiza nirudi siku hiyohiyo, kwa sababu kesho yake tunaanza kulima. Fundi akaniomba nisubiri kidogo. Mtu mwenye akili angekaa kivulini. Mimi nikawaswaga maksai mpaka kwenye meza ya pool.

Deo alikuwepo. Alinifunga gemu ya kwanza, akaanza kunitania kwamba nimebaki jina tu. Akauliza sasa naweka nini. Nikaangalia nje, nikawaona Bahati na Askari wamefungwa kwenye nguzo... nikawataja. Kwani kesho si ningerudishiwa? Nilicheza vizuri mpaka mwisho. Nikaingiza mpira mweusi, watu wakaanza kupiga makofi, halafu ule mweupe nao ukatambaa polepole na kutumbukia shimo hilohilo. Kwenye pool, hapo umefungwa.

Asubuhi nilimfuata Deo nikaseme maneno yangu. Nilimkuta shambani kwake, maksai wa mama wako kwenye nira, wanalima! Nikamwambia wewe ni mwalimu wangu. Alinijibu bila kusimamisha plau.

"Anayerudishiwa ni mwenye mali, kaka. Hawa ni wa mama yako. Mwambie aje mwenyewe."

Alijua siwezi kumwambia mama. Alijua vizuri kabisa, na shamba lake lilikuwa linasubiri. Huo nao ni urafiki?

Siku tano nilimdanganya mama kwa simu. Mara fundi hajamaliza, mara Askari anaumwa mguu, niko naye kwa daktari wa mifugo. Mvua inanyesha, majirani wanapanda, mbegu za mama ziko ndani ya ndoo. Deo alimaliza shamba lake, akahamia la mkwe wake. Kila mchana nilikwenda pale kwenye meza kumbembeleza, na kwa kuona aibu kusimama bure, nilicheza. Ndiyo, nilicheza! Nidharauni tu, mna haki.

Siku ya sita mama alikuja mwenyewe. Alikuwa amepitia kwa fundi, akakuta plau limeshapona siku nyingi, na fundi akamweleza yote. Tulikuwa tumeizunguka meza. Wakamwamkia shikamoo, akaitikia mmoja mmoja. Deo, aliyekula ugali wa mama miaka yote ya shule, akamweleza kwa adabu zote kwamba maksai wapo, ila desturi ni desturi, kuna maneno ya kusema kwanza. Nilitegemea hata mmoja wetu atamwambia aache upuuzi. Wanaume wanane! Kila mmoja akajifanya anapaka chaki fimbo yake.

Mama akamwangalia Deo machoni.

"Wewe ni mwalimu wangu," akasema, kwa sauti ileile aliyoitikia nayo salamu.

Kuna mmoja alipiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo, fimbo mkononi.

Tuliwaswaga maksai kurudi Magamba. Bahati alikuwa na kidonda cha nira shingoni, ikabidi apumzike wiki nzima kabla ya kulima. Njiani nikajikaza, nikamwambia mama tushukuru Mungu wamerudi.

"Wao wamerudi," akasema. "Wewe bado."

Mahindi yetu yaliyochelewa yalikauka kabla ya kubeba. Fimbo yangu nimeivunja, lakini kuvunja fimbo hakujazi ghala la mtu. Deo bado anacheza, bado anaitwa profesheno, na sijui nani kati yetu ni wa hovyo zaidi.

Nyie mnaosema mnacheza kirafiki tu, nawasihi, kabla hamjataja dau jiulizeni mwenye mali ni nani. Na rafiki anayefurahi pale unapofungwa, mwachieni meza yake, mwende zenu.

Siku hizi nikienda Magamba, mama ananiletea kiti, ananikaribisha maji, ananiuliza habari za mjini. Ananipokea vizuri sana, kama mgeni. Maksai haniruhusu kuwashika.