Kusini kwa Shamba la Kibibi

Hati ilinuka udi. Mchana kweupe, ofisini kwa wakili mjini Lindi, mwaka wa hamsini na mbili, na hakuna aliyefukiza. Laurenti, karani wa hati za mashamba, aliifungia kabatini akaenda zake kula.

Nyumbani alimkuta mkewe, Tekla, amekaa sakafuni, hapepesi macho, ugali unaungua. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mzee wa kiume aliyekasirika.

"Nani kakwambia kusini hapana mtu?"

Kisha Tekla akazinduka, hakumbuki kitu.

Laurenti alijua kosa lake. Hati ya shamba hutaja jirani wa kila upande. Bibi Kibibi wa Mitole alimwambia kusini kwake pana pango la mzimu, nalo lina mwenyewe, aende akapaone. Yeye, msomi wa misheni, akacheka, akaandika "pori tupu" bila kunyanyua mguu. Uvivu mtupu! Sasa kampuni ya mkonge imeliomba pori hilo, kisima pekee cha Kibibi kimo humo, na Jumatatu Bwana Shauri, afisa wa serikali wilayani, anaamua.

Aliitoa hati kabatini, akapanda lori hadi Mitole, amefura kwa hasira, nyingi yake juu yake mwenyewe. Kibibi hakuitikia shikamoo.

"Umenifuta mimi, na mwenye pango umemfuta," alisema.

Akampeleka pangoni, ambako vyetezo vilikuwa vya moto na hapakuwa na kaa hata moja, na vitambaa vyekundu vilipepea bila upepo, na udi ule ule ukamkaba koo mpaka akapiga magoti akaandika upya kwenye hati, wazee wanne wa kijiji wakishuhudia: Kusini, Mwenye Pango, jirani, aletewaye ubani kila mwaka tangu enzi za mababu.

Jumatatu barazani, mstari huo uliposomwa, mtu wa kampuni alicheka. Laurenti, ambaye hajawahi kusema neno barazani, alisimama na hasira zake. Alisema mahali ambapo wazee hawa wanne hufanya tambiko kila mwaka hapawezi kuitwa patupu, na mahali pasipokuwa patupu hapagawiwi. Bwana Shauri aliwahoji wazee mmoja mmoja, kisha akaikatalia kampuni. Kibibi alilia kwa hasira ya kufutwa, si kwa furaha.

Laurenti alirudi mbio kumwambia mkewe kwamba yamekwisha. Alimkuta amekaa palepale sakafuni, chumba kimejaa udi.

"Shamba la Kibibi umeliwekea mpaka, vema," ilisema ile sauti. "Huyu mkeo hujamwekea."