Giza la Uyoga

Kila asubuhi Mama Uyoga alianza kazi kwa kunyunyiza maji. Alijifunga kitambaa puani, akachukua bomba la mkono, akaingia kwenye banda lililo nyuma ya nyumba. Mlikuwa na giza humo. Madirisha yalizibwa kwa nailoni nyeusi. Mifuko iliyojaa mabua ilining'inia darini kwa kamba, kama watu waliosimama kimya wakisubiri kuitwa. Uyoga ulichomoza kwenye matundu ya mifuko, mweupe, laini, baridi kama masikio ya maiti.

Majirani ndio waliompa jina la Mama Uyoga. Mume wake alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Alikuwa mtu wa mzaha.

"Mke wangu analima gizani, mimi nalala barabarani," alizoea kusema. "Tukijaliwa mjukuu, atazaliwa popo."

Walikuwa na binti mmoja, Kidosho. Alishamaliza shule, na kazi yake ilikuwa kuchuma uyoga, kuufunga na kuupeleka sokoni. Alikuwa na kicheko cha kupasua bati. Akiimba, sauti ilikwenda kaskazini na wimbo ukaenda kusini. Majirani walimtania, naye akazidi kuimba.

Lakini kila mwaka ulikuja msimu wa ukungu.

Ukungu ulishuka kutoka mlimani, ukakalia mapaa, ukagoma kuondoka. Wiki zilipita bila jua. Watu walisikika kabla ya kuonekana. Na kila ukungu ulipokuja, Kidosho alinyamaza. Ilikuwa kana kwamba mtu amepita na kumzima.

Mama Uyoga aliijua hali hiyo, na aliiogopa kupita kiasi. Aliwahi kuiona kwa wifi yake, dada wa mume wake, ambaye Kidosho alimwita Shangazi. Shangazi aliishi nao kwenye chumba cha mwisho. Msimu mmoja wa ukungu alinyamaza vilevile. Alikaa kwenye kiti chake, kiti kikubwa cha kitambaa kilichojazwa majani makavu, siku nzima akitazama ukuta. Asubuhi moja alitoka bila hata kuvaa viatu. Ukungu ukamfunika. Hakurudi akiwa hai.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemtaja. Chumba kilifungwa na kiti kikabaki ndani. Na kila msimu wa ukungu Mama Uyoga alitia komeo kwenye mlango wa nje ili Kidosho asitoke, akauficha ufunguo kifuani.

Mwaka uliotangulia, Kidosho alipelekwa kliniki. Daktari alimpima, akamwambia ana sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, akampa dawa: kidonge kimoja kila asubuhi. Dawa ilimsaidia. Mama Uyoga akashusha pumzi. Alidhani yameisha.

Mwaka huu wateja waliongezeka. Banda likawa dogo.

"Ukungu huu ni neema kwa uyoga," alijisemea. "Kwa nini niache chumba bure?"

Akafungua chumba cha Shangazi. Akagongelea nailoni nyeusi dirishani, akaning'iniza mifuko. Baadaye akaziba dirisha la ukumbini. Mwishowe na la sebuleni. Nyumba nzima ikawa banda. Kuta zilitoa jasho. Taa ndogo iliwaka mchana, na bado ulihitaji kupapasa ili upate kikombe.

Uyoga ulistawi kwelikweli. Kidosho alififia.

Alilala mchana. Akiamka alikula mkate na sukari tu. Hakuoga, hakuchana nywele. Ukimuuliza jambo, jibu lilikuja umeshasahau ulichouliza. Halafu akaanza kwenda kukaa chumba cha Shangazi.

"Dawa imelegea," Mama Uyoga aliwaza. "Kama kimoja kilisaidia kidogo, viwili vitasaidia sana."

Akampa viwili. Hakuona tofauti. Akaongeza kingine jioni.

Sasa mikono ya Kidosho ilianza kutetemeka. Jasho lilimtoka ingawa kulikuwa na baridi. Usingizi ukamruka. Mama Uyoga alisikia nyayo zikitembea ukumbini, taratibu, zikienda chumba cha mwisho na kurudi. Alijifunika shuka hadi kichwani. Hakujua kama ni nyayo za mwanawe au za mwingine.

Mchana mmoja alimtafuta Kidosho nyumba nzima. Akasukuma mlango wa chumba cha Shangazi. Giza tupu. Matone yalidondoka mahali fulani.

"Kidosho? Unafanya nini humu?"

"Nimekaa."

"Na nani?"

Sauti ndogo ikasema, "Na Shangazi."

Mama Uyoga aliingia hatua moja. Macho yalipoanza kuzoea giza, alimwona binti yake sakafuni, kati ya mifuko. Akatazama kwenye kona. Kwenye kile kiti palikuwa na kitu cheupe. Kilikuwa na mabega. Kwenye mkono wa kiti aliona vidole, vinene, vyeupe, vimeshika kitambaa.

Hakupiga kelele. Alirudi kinyumenyume, akakimbia hadi mlango wa nje, akafungua komeo, akagongana na mtu.

"Taratibu, jirani! Utaniua na kikapu changu!"

Alikuwa Nesi, jirani wa mtaa wa pili, mfanyakazi wa kliniki. Alikuja kununua uyoga.

"Kuna mtu ndani," Mama Uyoga alinong'ona. "Wifi yangu amerudi. Amekaa na mwanangu."

Nesi alimtazama usoni. Hakucheka. "Basi twende tukamsalimie," alisema. "Mgeni hasusiwi."

Wakaingia wameshikana mikono. Nesi hakwenda kwenye kiti. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akashika ncha ya nailoni, akaivuta kwa nguvu. Misumari iliruka. Mwanga wa kijivu ukamwagika chumbani.

Kwenye kiti hapakuwa na mtu. Palikuwa na uyoga. Ulitoboa kitambaa kila mahali, vichane kwa vichane, kwenye mgongo wa kiti, kwenye mikono yake.

"Kiti hiki kimejazwa nini?" Nesi aliuliza.

"Majani makavu."

"Basi ndiyo hivyo. Majani, unyevu na giza. Mbegu zimeruka kutoka kwenye mifuko, kiti kikaota." Akageuka. "Jirani, achana na kiti. Mtazame mtoto."

Mama Uyoga akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Kidosho kwenye mwanga tangu ukungu ulipoanza. Lo! Ngozi ilikuwa imepauka kama majivu. Macho yalizama. Midomo ilipasuka. Mikono ilitetemeka mapajani kama ndege aliyenaswa. Moyo wa Mama Uyoga ulipasuka. Alikuwa akiogopa kiti, na mwanawe akiisha pembeni yake.

Nesi alichuchumaa sakafuni. "Mwanangu, nikuulize jambo, na usione haya. Unawaza kufa?"

"Nesi!" Mama Uyoga aling'aka. "Usimtie maneno hayo kichwani!"

"Kuuliza hakumtii mtu wazo, jirani. Kunampa mlango wa kulitoa kama analo. Sema, mwanangu."

"Siwazi kujidhuru," Kidosho alisema. "Nawaza tu nisiwepo. Kama Shangazi."

"Ahsante kwa kuniambia. Hilo si dogo, na leo hulibebi peke yako." Nesi akamshika mikono. Akahisi jinsi ilivyotetemeka. "Unakunywa vidonge vingapi?"

Kidosho alimtazama mama yake. Mama Uyoga aliangalia chini. "Nilimwongezea," alisema. "Nilidhani nasaidia."

"Daktari anajua?"

"Hapana."

"Basi vaeni viatu. Twende kliniki sasa hivi. Dawa ikizidi inaweza kumletea mtu mtetemo, jasho, moyo kwenda mbio, hata hatari ya maisha. Hatungoji kesho."

Walikwenda. Daktari alimpima Kidosho, akamweka pale kliniki hadi siku ya pili ili amwangalie. Hakumgombeza mtu. Alimrudisha kwenye kidonge kimoja, akamwambia asikiache ghafla wala asiongeze bila kurudi kwake.

"Kuna watu wanaohitaji dawa zaidi," alisema. "Lakini hilo tunaliamua hapa, baada ya kupima. Kwa huyu, kabla ya kuongeza kidonge, nataka kujua anaishi vipi. Anapata mwanga?"

Mama Uyoga alifikiria nyumba yake. Akaona aibu.

Njiani kurudi, wakiwa wawili tu, Nesi alimfafanulia Mama Uyoga.

"Hii ya kwake inakuja na msimu. Mwili wa binadamu unahitaji mwanga wa asubuhi ili ujue kumekucha. Usipouona, usingizi unavurugika, nguvu zinashuka, moyo unazama. Si uvivu, wala si mzimu. Ni ugonjwa. Na wewe, kwa nia njema, umemfungia mtu kwenye nyumba ya uyoga."

"Nifanye nini sasa?"

"Fungua madirisha. Uyoga urudi bandani. Kitanda chake kikae upande jua linakochomoza. Aamke saa ileile kila siku, hata kama hataki. Ale chakula kamili, si mkate na sukari. Asikae peke yake. Na kila asubuhi atoke nje, atembee."

Mama Uyoga alisimama. "Atoke wapi?"

"Nje."

"Kwenye ukungu?"

"Hata kwenye ukungu. Mwanga wa nje siku ya mawingu unaizidi kwa mbali taa yako ya ndani."

"Hapana." Alitikisa kichwa. "Ukungu ulimchukua wifi yangu. Siwezi kumpa na mwanangu."

Nesi alisema polepole, "Jirani, wifi yako hakuchukuliwa na ukungu. Alikuwa mgonjwa, na alikaa kwenye kiti kile akingoja mtu amuulize. Nani alimuuliza?"

Machozi yalimtiririka Mama Uyoga hadi nyumbani.

Siku hiyohiyo alibandua nailoni zote. Vidonge akavifungia kabatini, akawa anatoa kimoja kimoja kama alivyoelekezwa. Na asubuhi ya kwanza baada ya Kidosho kurudi, alipiga moyo konde. Akachukua kamba ya kufungia mifuko ya uyoga. Ncha moja akaifunga mkononi mwake, ncha ya pili mkononi mwa binti yake.

Kidosho aliitazama kamba. "Mama, kwani mimi mbuzi?"

Ulikuwa mzaha wake wa kwanza msimu ule. Mama Uyoga alitaka kucheka, akaishia kulia.

Wakatoka. Ukungu uliwameza mlangoni. Hawakuona hata miguu yao. Nyumba za jirani zilitoweka. Mbwa alibweka, na hukujua kama yuko mbele au nyuma. Walipofika kwenye mti wa njia panda, Mama Uyoga alisikia nyayo nyuma yao. Wakasimama. Nyayo nazo zikasimama. Wakatembea. Nyayo zikatembea.

"Unasikia?" alinong'ona.

"Nasikia," Kidosho alisema. Akasikiliza tena. "Lakini Shangazi alitoka bila viatu, Mama. Huyu amevaa mabuti."

"Nyie!" sauti ikaita kwenye ukungu. "Mnatembea kama wezi wa kuku! Nisubirini basi!"

Alikuwa Nesi na mabuti yake ya mpira, akienda kazini. Tangu hapo wakawa wanatembea watatu.

Hakupona kwa siku moja, msije mkadanganyika. Kuna asubuhi Kidosho alishindwa kuinuka, na Mama Uyoga akamkalisha kibarazani na blanketi, uso ukiangalia nje. Kuna siku alilia bila sababu. Kila wiki alirudi kliniki kuzungumza na mshauri. Lakini polepole usingizi ulirudi mahali pake. Mtetemo ukaisha. Siku moja aliomba chumvi kwenye chakula, na mama yake akafurahi kama aliyepewa zawadi.

Baba yake aliporudi safarini, alisimama mlangoni akishangaa. "Kumbe nyumba yetu ina madirisha!"

Jioni ile walikaa wote sebuleni, wakazungumza habari za Shangazi kwa mara ya kwanza. Baba alisimulia jinsi dada yake alivyopenda kukimbizana na mvua walipokuwa wadogo. Alicheka, kisha akafunika uso. Kiti walikifumua, majani wakayachoma, wakakijaza vitambaa vikavu. Wakakiweka dirishani.

Mwaka uliofuata hawakungoja. Kabla ukungu haujashuka, Kidosho alikwenda kliniki kumwona daktari. Kidonge kikabaki kimoja. Matembezi yakaanza mapema. Uyoga ukakaa bandani kwake.

Kisha asubuhi moja ya ukungu mzito Nesi hakupita, na Mama Uyoga alikuwa na homa. Kidosho alijitwisha kikapu cha sokoni.

"Nakwenda, Mama."

Kamba ilikuwa imening'inia kwenye msumari. Mama Uyoga aliitazama. Akamtazama mwanawe machoni. "Leo moyo wako ukoje? Niambie kweli."

"Mzito kidogo. Lakini niko, Mama. Na nataka kwenda."

Mama Uyoga aliacha kamba pale pale. Akafungua mlango.

Ukungu ulimfunika Kidosho hatua kwa hatua, miguu, mgongo, kikapu. Halafu hapakuwa na kitu. Mama Uyoga alikaa kwenye kiti cha dirishani, roho juu. Nje palikuwa kimya, kimya cha siku ile ya Shangazi. Chai ikapoa mkononi.

Halafu, kutoka mbali, kutoka ndani ya weupe ule, akasikia mtu anaimba. Sauti ilikwenda kaskazini, wimbo ukaenda kusini.

Aliinuka na homa yake, akasimama kwenye mlango ulio wazi, akasikiliza sauti ikikaribia hadi kibarazani.

"Hodi humu ndani!"

"Karibu, mwanangu," alisema. "Karibu sana."

Nawe mama unayesoma, ukiwa na mtu wako anayenyamaza kila msimu kama huu, usimfungie, usimwongezee dawa kwa mkono wako, wala usimwachishe. Mpeleke kwa daktari wa kliniki. Na leo hii, kabla hujaweka karatasi hii chini, ingia chumbani kwake, fungua dirisha, umuulize.