Mlango wa Jumapili

Siku alipokutana na Denzil Trewin, Enid Pargeter alikuwa sokoni Berwick Street, London, akigonga vifuniko vya sufuria. Anagonga kimoja, anakitegea sikio, anakirudisha, anachukua kingine. Muuza vyombo alikuwa ameshanuna. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu, koti la mvua limechakaa viwiko, skafu nyekundu shingoni.

"Dada, unatafuta cha kupikia au cha kuimbia?"

"Natafuta radi," Enid alijibu bila kugeuka. "Ile ya studio imepasuka."

Mwanamume alicheka mpaka wapita njia wakamtazama. Kumbe naye alikuwa anaelekea studio hiyohiyo. Alikuwa mwigizaji mpya wa ule mchezo wa kuchekesha uliorushwa moja kwa moja redioni kila Jumapili mchana, nchi nzima ikiwa mezani. Denzil angekuwa Horace, bwege anayekwenda kila wiki kumposa Bibi Lavinia na kila wiki kubamiziwa mlango usoni. Na mpiga mlango alikuwa Enid. Kazi yake ilikuwa kutengeneza sauti: kwato, mvua, vikombe, na mlango halisi uliosimamishwa ndani ya fremu yake katikati ya studio, usioelekea chumba chochote.

Ndivyo walivyoanza. Sukari bado ilikuwa ya mgao wa kadi, na Denzil alikunywa chai yake chungu kantini ili kidonge chake kimoja cha sukari kiende kwenye sahani ya Enid. Jioni alimpigia simu kutoka kibanda cha barabarani.

"Leo umenibamizia vibaya, mpenzi."

"Pua ipo?"

"Ipo, ila ina huzuni. Hakuna mwanamke London aliyenikataa mara nyingi kama wewe."

Enid alicheka akiwa amebana simu sikioni, ili mama mwenye nyumba asimsikie. Alikuwa amempenda mtu yule mpaka akajiogopa.

Masika ya mwaka wa hamsini na mbili Denzil alipata kazi Toronto. Treni ya kwenda kwenye meli ingeondoka saa tisa, Jumapili ileile ya mchezo wake wa mwisho. Asubuhi ya siku hiyo alimvuta Enid pembeni. Mtu aliyezoea kuposa mbele ya taifa zima alikuwa anasokota skafu yake kwa haya.

"Leo simposi Lavinia," alisema. "Nakuposa wewe. Ukinikubali, usiupige mlango. Kukiwa kimya nitajua, na pengo hilo nitalijaza kwa mzaha wowote, kisha nitaahirisha safari mpaka uwe tayari. Ukiupiga, nitakwenda zangu, sitakusumbua tena."

"Nitafukuzwa kazi, Denzil."

"Ndiyo maana nitaamini."

Mchana ule Enid alivaa gauni la buluu aliloliweka kwa ajili ya sikukuu, na miguuni viatu vyake vya kazi vya soli laini visivyolia. Taa nyekundu iliwaka, ukumbi wa watazamaji ukanyamaza. Kati ya watu wa sauti na waigizaji palikuwa na pazia zito, kwa hiyo alimsikia Denzil bila kumwona. Sauti haikuwa ya Horace. Ilikuwa sauti ya kibanda cha simu.

Taa ya kijani iliwaka, ishara ya mlango. Enid aliiondoa mikono yake na kuificha mgongoni.

Sasa, pembeni yake alikuwepo mzee Clegg, aliyemfundisha kazi miaka sita. Watu wa sauti wana desturi yao: taa ikiwaka na mwenzako ameduwaa, unamfanyia, wala hamuulizani. Clegg aliona taa, akaona mlango umetulia, akanyoosha mguu na kuupiga teke. Mlango ulibamizwa, ukumbi ukaangua kicheko.

Enid hakuweza hata kuliita jina la Denzil. Vipaza sauti vilikuwa wazi, na zilibaki dakika tisa za vikombe na kwato. Alizifanya zote, machozi yakidondoka juu ya vifuu vya nazi alivyogonganisha kutoa sauti ya kwato. Sehemu ya Denzil ilikuwa imekwisha, na upande wa pili wa pazia alizisikia nyayo zikienda kwa kunyata.

"Nimekuokoa, binti yangu," Clegg alimnong'oneza taa ilipozimika, kwa fahari kabisa.

"Asante, mzee," Enid alisema. Asante ile alikuja kuijutia maisha yake yote.

Alipiga simu alikopanga Denzil. Mwenye nyumba alimwambia kijana ameshachukua sanduku lake, na ameacha neno kwamba hana kinyongo. Saa ilikuwa tisa kasoro dakika tano. Barua angeweza kuandika siku yoyote, lakini aibu ilimshika. Alijiambia kwamba anayependa kweli angefunua pazia. Wiki zikawa miezi, na Clegg akafariki bila kuambiwa.

Miaka minane baadaye Denzil aliingia kantini, mvi kando ya masikio, koti la bei ghali, pete kidoleni. Walikaa kwenye meza yao ya zamani. Alimwambia kuhusu mkewe Marjorie na binti zao wawili, na Enid alimpongeza kwa moyo mzito.

"Siku ile ulichelewa," Denzil alisema ghafla. "Hukuwahi kuchelewa kabla. Mlango ulikawia kama pumzi moja hivi. Hicho ndicho kilichoniuma, kwamba ulinifikiria kwanza, ndipo ukanikataa."

"Sikuwa mimi. Clegg aliupiga kwa mguu, alidhani nimeduwaa. Mikono yangu ilikuwa mgongoni, Denzil."

Denzil alikisukuma kikombe chake kando.

"Mbona hukuniandikia?"

"Nilikungoja uniulize."

"Nami nilijua nimeshajibiwa."

Sukari haikuwa ya kadi tena, bakuli zima lilikuwa mezani, lakini Denzil alichukua kidonge kwenye sahani yake akakiweka kwenye ya Enid, kisha akavaa kofia yake akaondoka.

Enid aliitwa studio. Alivaa viatu vyake laini, akasimama mahali pake. Taa ya kijani ilipowaka aliupiga mlango papo hapo, na watu wakacheka.