Kaseti Katika Shamba la Alizeti

Kila Jumapili baada ya ibada, Rachel alivua gauni lake la kanisani, akawapelekea ng'ombe majani, kisha akaketi jikoni na Bibi Veronika kumenya ndizi za kupikia supu ya mtori. Baba yake, Gidioni, alitoa redio kaseti yake nje, akaiweka juu ya stuli kibarazani, akachagua kaseti moja kutoka kwenye boksi la viatu. Hapo nyumba nzima ilisikiliza kwaya mpaka chakula kiive.

Redio hiyo ilikuwa ya zamani sana. Mfuniko wake ulikuwa umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na mara nyingine ilitafuna utepe katikati ya wimbo. Hilo lilipotokea, Baba alitoa kaseti taratibu, akachomeka kalamu kwenye tundu lake na kuuzungusha utepe mpaka ukarudi ndani. Hakuwahi kuonyesha haraka. Rachel aliona aibu wageni wanapokuja na kukuta kazi hiyo ikiendelea.

Rachel alikuwa na miaka kumi na miwili, na alisoma darasa la sita katika shule iliyokuwa chini kidogo ya kijiji chao huko Masama. Mama yake, Elisifa, alifariki dunia Rachel akiwa darasa la pili. Tangu hapo waliishi watatu: Baba, Bibi ambaye alimzaa Baba, na Rachel. Kaka yake mkubwa, Calvin, alipanga chumba Moshi mjini na alifanya kazi ya kuongoza wageni mlimani.

Krismasi iliyopita Calvin alikuja na zawadi: simu yake ya zamani na spika ndogo iliyotosha kiganjani. Alimwonyesha Rachel jinsi ya kutafuta wimbo mtandaoni. Aliandika jina tu, na wimbo ukaanza kupiga palepale, bila kaseti wala kalamu. Rachel hakuamini. Kuanzia siku hiyo, kila alipomaliza kazi za nyumbani na kukiwa na bando la intaneti, alisikiliza nyimbo mpya pamoja na rafiki yake Gladness. Siku moja alimwambia Baba kwamba nyimbo zote za dunia zimo ndani ya simu, na kwamba lile boksi la kaseti linajaza nafasi bure. Baba aliendelea kupukuchua mahindi. Alisema tu kwamba si zote, mwanangu, na Rachel hakuuliza zaidi.

Mwezi wa saba, alizeti za shule zilianza kukomaa, na ndege wakaziingilia. Mwalimu Ezra, aliyesimamia shamba hilo, aliwaomba wanafunzi walete vitu vyovyote vya kung'aa vya kufukuzia ndege, mradi viwe vitu ambavyo nyumbani havitumiki tena. Wengine walileta makopo, wengine mifuko. Rachel alikumbuka kwamba utepe wa kaseti hung'aa juani na hulia ukipigwa na upepo.

Jioni ile, Baba akiwa bado shambani, alivuta lile boksi la viatu kutoka chini ya kabati. Hakugusa kaseti za juu, zile ambazo Baba alizipiga kila Jumapili. Alichukua tano za chini kabisa, ambazo hakuwahi kuzisikia. Moja haikuwa hata na karatasi ya jina. Alijiambia kwamba hakuna atakayezitafuta, na kwamba hata zikitafutwa, nyimbo zake zipo mtandaoni. Lakini alizificha chini ya daftari ndani ya mkoba, na hakumuaga Bibi asubuhi kama kawaida yake. Moyoni alijua alipaswa kuomba ruhusa.

Shuleni kazi yake ilisifiwa. Yeye na Gladness walivuta tepe zote, wakazifunga kutoka mti mmoja hadi mwingine juu ya alizeti. Upepo ulipovuma, tepe zilitoa mlio kama wa nyuki, na ndege wakaruka kwenda kwenye migomba ya jirani. Mwalimu Ezra aliwapigia makofi mbele ya darasa zima.

Wiki mbili zilipita. Alhamisi moja wakati wa chakula cha jioni, Baba aliweka kijiko chini. Alisema kwamba Jumapili ingetimia miaka minne tangu Mama Rachel afariki, na kwamba wanakwaya wenzake wa zamani wangekuja kwa sala ya kumbukumbu. Kisha akasema jambo ambalo Rachel hakuwahi kulisikia. Zamani, kabla hawajaoana, alikuwa akiibeba ile redio hadi kanisani kila Jumamosi na kurekodi mazoezi ya kwaya, kwa sababu alipenda kumsikia Elisifa akiimba. Kaseti moja tu ilibaki. Tangu msiba hakuwahi kuipiga, maana hakuweza.

"Sasa nadhani naweza," alisema. "Nataka na wewe umsikie mama yako."

Rachel aliacha kumega ugali. Alikumbuka mikono ya mama yake, na kanga yake ya rangi ya chungwa, na jinsi alivyomfungia kamba za viatu. Sauti hakuikumbuka tena. Alikuwa amejaribu mara nyingi akiwa kitandani, na mara zote ilikuja sauti ya Bibi.

Baba aliinama, akavuta boksi. Alitoa kaseti moja moja akizipanga mezani. Alipofika chini, aliligeuza boksi na kulitikisa. Akauliza kwa upole nani ameigusa kaseti isiyo na jina.

"Sijui, Baba," Rachel alisema.

Kisha Bibi Veronika akasema kwa sauti ndogo kwamba labda ni yeye. Kabla ya Pasaka alisafisha vyumba na kuchoma takataka nyingi, na siku hizi kichwa chake hakishiki mambo. Huenda aliitupa bila kujua. Baba hakumlaumu. Alimwambia mama yake asijali, akachukua kofia na kwenda zizini, ingawa ng'ombe walikuwa wameshakamuliwa. Bibi alisukuma sahani yake pembeni na hakula tena.

Kesho yake Rachel aliporudi kutoka shule alichukua simu. Aliandika jina la kwaya, kisha jina la usharika, kisha jina kamili la mama yake. Zilikuja kwaya za Arusha, za Dar es Salaam, hata za Kenya. Waliimba vizuri, wakiwa wamevaa sare za kupendeza, na hakuna hata mmoja aliyekuwa Elisifa. Aliendelea kutafuta mpaka bando likaisha. Ndipo alipoelewa kwamba mtandaoni huwa kuna vile tu ambavyo mtu fulani ameviweka, na mazoezi ya Jumamosi ya kanisa la kijijini hakuna aliyewahi kuyaweka.

Alitoka nje kumtafuta Bibi. Alimkuta nyuma ya nyumba, kwenye shimo la taka ndani ya kihamba, shamba lao la nyumbani, chini ya migomba. Bibi alikuwa amepiga magoti kwenye majivu. Alikuwa akiyachambua kwa mikono, akiokota kila kipande cheusi na kukitazama karibu na macho. Mashavu yake yalikuwa yamelowa.

"Natafuta hata kipande, mjukuu wangu," alisema. "Baba yako amenyamaza tangu jana. Nimemfanya ampoteze mke wake mara ya pili."

Rachel alitamani ardhi immeze. Alipiga magoti kwenye majivu palepale, akamshika Bibi mikono.

"Bibi, si wewe," alisema. "Ni mimi. Nilizipeleka shule. Zimefungwa shambani kufukuza ndege."

Bibi alimtazama. Kisha akajifuta majivu kwenye kitenge, akamwambia aende akamwambie baba yake mwenyewe, sasa hivi, kabla ujasiri haujamtoka.

Baba alikuwa akipogoa matawi ya kahawa. Rachel alimweleza yote: kaseti tano, kuondoka asubuhi ile bila kumuaga Bibi, na uongo wa mezani. Alieleza pia juu ya Bibi kwenye shimo la taka. Alingoja kiboko, au angalau maneno makali. Baba aliweka kisu chake chini, akakaa juu ya jiwe, akafunika uso kwa mikono miwili. Mabega yake yalitikisika. Rachel hakuwahi kumwona baba yake akilia, hata siku ya mazishi. Angechagua kuchapwa.

Baada ya muda Baba alisimama, akasema twende.

Walishuka hadi shuleni. Mwalimu Ezra alikuwa bado ofisini, na aliposikia habari hiyo alisikitika sana, akasema hata yeye alipaswa kuuliza vitu hivyo vilitoka wapi. Watatu hao wakaingia shambani. Manyunyu na jua la wiki mbili vilikuwa vimefanya kazi yake. Tepe nyingine zilikuwa zimekatika na kuzama kwenye matope. Nyingine zilijikunja kama nywele. Nyingine hazikuwepo kabisa, na hakuna aliyejua upepo ulizipeleka wapi. Wala hapakuwa na namna ya kutambua utepe upi ulitoka kwenye kaseti ipi. Waliokota kila walichoona mpaka giza likaanza kuingia, wakajaza mfuko mmoja wa plastiki.

Jumapili wanakwaya walikuja. Walisali, wakanywa chai, wakamsimulia Rachel mambo ya mama yake. Baba aliwaambia tu kwamba kaseti imeharibika. Hakumtaja Rachel. Rachel mwenyewe ndiye aliyesimama, akawaambia ilivyoharibika na nani aliyeiharibu. Mama mmoja aliyewahi kuimba bega kwa bega na Elisifa alianza kulia.

Jumatatu Baba aliupeleka ule mfuko Moshi mjini, kwa fundi redio mmoja mzee aitwaye Aristides, mwenye kibanda karibu na soko. Fundi aliutazama akatikisa kichwa. Alisema atajaribu, lakini asingependa kuwapa matumaini. Kwa majuma matatu alisafisha vipande kwa pamba, akavinyoosha, akaviunganisha kimoja baada ya kingine na kuvisikiliza. Kisha akampigia Calvin simu aje kuchukua kazi.

Jioni hiyo Calvin alipanda kutoka mjini akiwa na kaseti mpya mkononi. Alikuwa ameshainakili kwenye simu yake. Walikaa wanne sebuleni, Bibi akiwa katikati. Calvin aliwaonya kwamba yote yaliyopatikana hayafiki dakika mbili, kisha akabonyeza simu.

Kwanza ulisikika mkwaruzo. Kisha watu wengi wakiongea, na viti vikisogezwa. Halafu mwanamke mmoja akacheka karibu kabisa na redio iliyokuwa ikirekodi.

"Subirini kidogo, nimechelewa kuingia," alisema. "Tuanze tena."

Wakaanza. Sauti yake ilipanda juu ya nyingine zote, nzito kidogo kuliko Rachel alivyodhani, na yenye mkwaruzo mdogo mwishoni mwa kila mstari. Iliimba ubeti mmoja. Ikaanza wa pili, na katikati ya neno ikakatika. Baada ya hapo kulikuwa na mvumo mtupu.

Walisikiliza mara tatu. Rachel aliuliza ubeti wa pili ulikuwa unasemaje. Baba alijaribu kuukumbuka, akaimba sehemu ya besi, akasita. Bibi naye hakuujua. Wanakwaya wa zamani huenda waliyakumbuka maneno, lakini sauti yake ikiyaimba ilikuwa imekwenda, na wote wanne walijua kwamba haitarudi.

"Nisamehe, Baba," Rachel alisema.

"Nilikusamehe siku ile kwenye kahawa," Baba alijibu. "Lakini nataka unisikilize. Kosa la kwanza ulichukua kitu kisicho chako bila kuuliza. Hilo lilitupotezea kaseti. Kosa la pili ulisema hujui, na hilo lilimpigisha bibi yako magoti kwenye majivu. La pili ndilo lililoniuma zaidi. Kaseti ni kitu. Bibi ni mtu. Na mimi nina langu. Miaka minne nilikaa na sauti ya mama yako ndani ya boksi, sikukwambia, kwa kuogopa kulia mbele yako. Ningekwambia, ungeilinda kuliko mimi. Simu si mbaya, wala redio si bora kuliko simu. Ila kitu ambacho ni sisi tu tulio nacho, hakuna mtu mwingine atakayetutunzia. Tukitunze wenyewe, na tuambiane kwamba kipo."

Rachel alikubali kwa kichwa. Calvin aliuhamisha wimbo ule kutoka simu yake hadi simu ya Baba, kisha akamwekea na Rachel.

Jumamosi iliyofuata, Rachel alipomaliza kazi, alimwomba Baba ruhusa ya kurekodi kwa simu. Baba alikubali. Akamketisha Bibi Veronika kwenye kiti kibarazani, akaiweka simu juu ya stuli mbele yake. Bibi aliuliza aseme nini. Rachel alimwambia aseme chochote, hata habari za ng'ombe.

Bibi alinyoosha kitenge chake, akakohoa, akaitazama ile simu kama mgeni aliyekuja kumsikiliza. Kisha akataja jina lake lote, na la baba yake, na kijiji alichozaliwa, akaendelea kuongea mpaka jua likaanza kushuka.