Kilio Kilichosubiri Taa Izimwe

Miale sita ya leza ilizibana atomu za rubidi ndani ya kopo lisilo na hewa, kila upande ukizisukuma zisikimbie, mpaka zikatulia tuli kama watoto waliomwona mwalimu na bakora. Ndivyo Jicho Baridi, hadubini ya elektroni, lilivyofanya kazi pale Tabora. Atomu zikishapoa kupita barafu yoyote unayoijua, mwale mwingine huzinyofoa elektroni, nazo hutoka kwa adabu, bila kusukumana, zikapenya kitu unachotaka kukiona na kuchora umbo lake hadi chembe ya mwisho.

Ila Jicho lilideka kuliko bibi harusi. Mtikisiko kidogo tu, picha imeharibika. Ndiyo maana taa ya buluu ikiwaka juu ya mnara wa maabara, mji mzima hunyamaza: kinu hakitwangi, ngoma haipigwi, hata jogoo hufunikwa tenga.

Siku hiyo Dakta Nyanzala aliiwasha tangu asubuhi. Alitaka kuona dawa mpya inavyoushika ugonjwa wa mapafu uliojaza wodi, uliomlaza na mama yake mzazi mtaa wa pili. "Nivumilie, mama, nione tu inaposhikia," alimwambia akiondoka.

Picha ilianza kuja, safi kuliko zote. Mji haukuwahi kutulia hivyo. Akaanza kutabasamu.

Mlango ukafunguka. Bi Mwamvua, Mzaramo, mtani wa ukoo wao, aliingia bila viatu, kanga kaifunga kiunoni.

"Daktari mzima!" alinong'ona. "Mama yako kakushinda. Wewe unapoza kwa mataa sita, mwenzio kapoa mwenyewe, bila hata kibatari."

Nyanzala alimkodolea macho. Mtani hatanii hivyo ila maiti iko ndani.

"Lini?"

"Ulipowasha tu. Uwanja umejaa watu, wameuma kanga. Nani alie, na taa yako inawaka?"

Mkono wa Nyanzala ukaenda kwenye swichi ya taa. Bi Mwamvua akaudaka. "Imebaki nini?"

"Robo ya picha."

"Basi maliza, Mnyamwezi we. Yule hana haraka tena. Wa wodini wanayo."

Akamaliza, machozi yakimchuruzika bila sauti, maana hata kwikwi ingetikisa. Dawa ikaonekana wazi inaposhikia. Akazima taa.

Wakangoja kilio dirishani, wote wawili. Kimya. Mji ulikwisha kuzoea kumeza sauti.

Wa kwanza kulia alikuwa Bi Mwamvua, ambaye kazi yake msibani ni kuchekesha.